Maswali ya Wasomaji: Kunakili maandishi ya makaburi ya ukoo yaliyomezwa na magugu

Makaburi ya ukoo wetu yapo pembeni mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, Rombo. Ni karibu thelathini, ya mababu hadi ya juzi, na vichaka vimeyafunika hata misalaba mingine haionekani. Desemba ukoo mzima unakuja nyumbani. Vijana wamepanga wafyeke, wachome moto na kupaka chokaa siku hiyohiyo, kisha ndipo tunakili majina. Tuanzie wapi?

Ugeuzeni huo mpango. Kunakili kwanza, chokaa mwishoni kabisa, na moto usiwepo.

Kwenye makaburi mengi ya saruji, fundi alichora herufi kwa msumari au ncha ya mwiko plasta ikiwa bado mbichi. Kina chake ni milimita mbili tatu tu. Ukipaka chokaa mikono miwili mitatu, herufi hizo zinajaa, na chokaa ikishashika huwezi kuibandua bila kuondoka na plasta yenyewe. Moto nao hupasha uso wa saruji haraka kuliko ndani. Uso unatanuka, unabanduka vipande vipande, na majina yamo kwenye vipande hivyo. Marumaru ikiungua huanza kumomonyoka punje punje kama sukari.

Pia msisubiri Desemba. Mvua za vuli huwa zimeshaotesha magugu upya, na siku ya watu wengi si siku ya kusoma herufi. Watu watatu au wanne waende mapema, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, baada ya kuwaarifu wazee wa ukoo na kusikia kama kuna kaburi lisiloguswa bila taratibu zake.

Siku ya kwanza tafuteni misalaba ya mbao kabla ya kitu kingine chochote. Saruji itawasubiri mwaka mwingine, lakini mbao iliyoingiliwa na mchwa inaweza isivuke msimu mmoja. Ipigeni picha ilipo, hata kama imelala chini, na msiinyanyue: kipande chenye rangi ya herufi mara nyingi ni ganda jembamba lililobaki baada ya mchwa kula ndani.

Kufyeka kuna mambo yake. Fyekeo na panga viishie nusu mita kutoka kwenye kaburi, na karibu zaidi tumieni mundu au makasi ya kupogolea. Mti uliootea kwenye ufa msiung'oe. Mizizi ndiyo inayoshikilia vipande pamoja, na ukivuta kisiki unavuta na pembe ya kaburi. Ukateni sentimita kumi juu ya udongo, muuache hapo. Masale, mmea wa heshima kwa Wachagga, msiyaguse hata kama yamezidi. Wenyewe mnajua uzito wake, na pale ambapo hakuna jiwe wala msalaba, safu ya masale ndiyo alama pekee iliyobaki. Mkikuta minyaa, vaeni miwani: utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Kama mko ukanda wa chini wenye upupu, ukateni alfajiri ukiwa na umande, maana ukikauka vinyweleo vyake hupeperuka na kazi ya siku nzima inakwisha hapo. Viatu vya buti, na fimbo ya kugonga ardhi mbele yenu kabla ya kuingiza mkono kwenye majani, si mambo ya hiari.

Jiwe lililoinama msiliegemee wala kujaribu kulisimamisha. Bamba la zege la mita 1 kwa sentimita 60, unene sentimita 10, lina uzito wa karibu kilo 140. Linatosha kuvunja mguu.

Tumeshasafisha, lakini mchana kweupe hatuoni herufi. Jua linawaka, jiwe limekaa kama ukuta mtupu.

Kinachowashinda ni upande linakotoka jua. Herufi iliyochorwa huonekana kwa kivuli chake. Jua likilipiga jiwe usoni moja kwa moja, kivuli hakuna.

Kwa hiyo angalieni kwanza jiwe limekaaje. Bamba lililolala hupotea kabisa saa sita mchana, maana kwetu jua huwa karibu utosini. Lisomeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, mwanga unapopita juu yake kwa ubavu. Jiwe lililosimama ni kinyume. Likitazama mashariki, asubuhi jua linalipiga usoni na hamwoni kitu. Rudini saa tano kwenda saa sita, mwanga unapoteremka usoni kutoka juu, na mistari ya kulala itajichora. Wengi huondoka saa nne wakisema jiwe limefutika, kumbe lilihitaji saa moja zaidi.

Kama jiwe liko kivulini siku nzima, chukueni kioo cha ukutani, cha sentimita 40 kwa 60 kinatosha. Mmoja asimame juani, hata hatua kumi mbali, na alete mwanga kwa kioo kutoka pembeni mwa jiwe. Njia nyingine ni tochi. Wawili washike kanga au shuka nzito kulifunika jiwe giza, wa tatu alaze tochi karibu kugusa uso wake na kumulika kutoka kushoto, kisha kulia, kisha juu. Pigeni picha kila upande bila kusogeza simu. Mwanga wa kushoto huonyesha miguu ya herufi kama N na M, ule wa juu huonyesha vikono vya E na F. Mwangaza wa simu yenyewe uzimeni, kwani hupiga usoni kama jua la asubuhi.

Maandishi ya rangi yaliyofifia yana dawa nyingine. Nyunyizeni maji safi mpige picha jiwe likiwa bichi, kisha tena linapokauka. Rangi ya mafuta hukinga plasta iliyo chini yake, hivyo hata rangi ikiisha, pale herufi zilipokuwa pamebaki laini na palipozunguka pamekwaruzika. Maji yakikauka, sehemu hizo mbili hazikauki kwa mwendo mmoja. Katika dakika hizo chache jina hutokea. Simu iwe tayari mkononi.

Mstari wa mwisho, ambao mara nyingi ndio wenye tarehe ya kufa, huwa umefukiwa na udongo ulioteremka na mvua. Fukueni kwa mkono au kijiti cha mbao mpaka mstari utokee, pigeni picha, kisha rudisheni udongo wote. Udongo huo ndio unaolishikilia jiwe.

Naweza kutumia dawa ya kung'arishia nguo au asidi ya betri kutoa ukungu? Na kupaka unga au chaki ili herufi zionekane?

Hapana kwa yote manne. Saruji, marumaru na mawe ya matumbawe vyote vina chokaa ndani yake, na asidi hula chokaa. Dawa ya kung'arishia huacha chumvi kwenye vitundu vya jiwe. Chumvi hiyo ikikauka inaganda na kusukuma uso wa jiwe nje, na miezi michache baadaye herufi zinaanguka. Unga ni chakula cha kuvu. Chaki huingia vitunduni isitoke. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyooza na kutia madoa ya kutu.

Tumia maji matupu, lita tano kwa kaburi, brashi laini ya nailoni na kijiti cha mwanzi kilichochongwa butu. Lowesha kuanzia chini kwenda juu ili uchafu usichore michirizi kwenye jiwe kavu, subiri dakika kumi, kisha sugua taratibu. Ukigonga kwa kidole ukasikia mlio wa uwazi ndani, plasta imeachia. Hapo usisugue kabisa, piga picha tu.

Fundi alikosea jina la bibi yetu mzaa baba, na mwaka wa kufa si sahihi. Kwenye daftari tuandike kilicho sahihi?

Andikeni kilicho kwenye jiwe, herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Safu ya pembeni ndiyo ya kile ukoo unachokijua. Mkivichanganya, baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua kipi kilisomwa na kipi kilisimuliwa.

Fuateni utaratibu mmoja kwa makaburi yote. Mstari wa jiwe ukiisha, wekeni mkwaju (/). Herufi iliyopotea ni nukta moja, na mliyoikisia iwe ndani ya mabano ya mraba. Kwa mfano:

AMEZALIWA 19.4 / AMEFARIKI 3/[4]/1962 / BWANA ALITOA BWANA AMETWA

Msiongeze A iliyopungua kwenye AMETWAA, wala msiandike "Aprili": jiwe halisemi kama 3/4 ni tarehe tatu mwezi wa nne au kinyume chake. Aya ya Biblia ikijulikana inasaidia. Mkiona "...NDO NIMEUMALI...", ni 2 Timotheo 4:7, na mnaweza kuhesabu herufi zilizopotea kuona kama zinatosha nafasi. Tarakimu za msumari zinazodanganya zaidi ni 1 na 7, 3 na 8, 4 na 9. Zisomwe na watu wawili mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake, ndipo mlinganishe.

Kuhusu mwaka "usio sahihi", chunguzeni kwanza kabla ya kumlaumu fundi. Makaburi mengi yalijengewa miaka mingi baada ya mazishi, ukoo ulipopata fedha, na fundi akaandika mwaka wa kujengea. Huo ni mwaka wa kweli, ila wa jambo jingine. Mkiona mwaka mmoja kwenye makaburi matatu yaliyojengwa kwa mtindo uleule, karibu ni hakika yalijengwa kwa mkupuo.

Shamba letu liko nje ya Pangani. Makaburi ya zamani yana maandishi ya Kiarabu, na aliyekuwa akisoma amefariki. Tutajuaje miaka?

Tarakimu unaweza kujifunza jioni moja, na zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Jihadhari na ٥, ambayo ni tano ingawa jicho letu huiona sifuri. Sifuri ni nukta tu, na kwenye plasta iliyochakaa kila tundu laweza kuwa nukta. Sita (٦) inafanana na saba yetu. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja dogo juu.

Jino hilo si dogo kwa hesabu. Kubadili mwaka wa Hijria (wa Kiislamu) kuwa wa Miladia (huu wetu wa kawaida) kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. ١٣٤٥, yaani 1345, inakupa 1926 au 1927. Ukiisoma tatu kama mbili, unapata 1245, yaani karibu 1829: umemsogeza marehemu karibu miaka mia. Andika miaka yote miwili ya Miladia, maana mwaka wa Hijria huanza katikati ya wetu. Herufi هـ baada ya mwaka ni Hijria, م ni Miladia. Wazee wakikutajia "Mfungo Nne", hiyo ni Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka.

Maneno mengine hurudiwa: "hadha qabr" ni hili ni kaburi, "tuwuffiya" ni alifariki, na kullu nafsin dha'iqatul maut, kila nafsi itaonja mauti. Ukishayatambua, kilichobaki ni jina, bin au binti, na tarehe. Piga picha za karibu, mstari kwa mstari, umpelekee mwalimu wa madrasa.

Makaburi ya matumbawe yenye nguzo au mabakuli ya kaure yaliyopachikwa, kama yale ya Kunduchi, usiyasafishe hata kwa maji. Piga picha, kisha waarifu watu wa Mambo ya Kale.

Mengine hayana maandishi, ni mawe tu. Na je, GPS ya simu inatosha kuonyesha kila kaburi lilipo?

Yasiyo na maandishi yapewe namba kama mengine. Andika "hakuna maandishi", urefu, upana, aina ya mawe, na pande la ardhi lililobonyea hata kama jiwe halipo. Kwenye makaburi ya Waislamu wa pwani yetu kibla, yaani upande wa Makka ambako maiti huelekezwa uso, ni karibu kaskazini kabisa, hivyo kaburi hulala mashariki-magharibi. Ukipata mawili yaliyopangana, unajua pa kutafuta la tatu.

GPS ya simu hukosea mita tatu hadi tano, na chini ya migomba zaidi, wakati kaburi na kaburi vimeachana mita moja. Itumieni kwa eneo zima tu. Ndani yake, fungeni kamba kati ya vigingi viwili, mkipima kutoka kitu kisichohama: mwamba au kona ya nyumba ya mawe, si mgomba wala ua wa minyaa. Kwa kila kaburi andikeni vipimo viwili, umbali kwenye kamba na umbali kutoka kwenye kamba kwa pembe mraba. Pembe mnaipata kama mafundi wa msingi, kwa tatu-nne-tano, yaani pembetatu ya kamba yenye pande za mita tatu, nne na tano.

Picha ya kwanza ya kila kaburi iwe na kibao cha namba na rula, na namba hiyohiyo ndiyo iwe jina la picha kwenye simu: K07-1, K07-2. Nakala ziende kwa ndugu wawili wanaoishi miji tofauti, na moja ichapwe kwenye karatasi ikae kwa mzee wa ukoo. Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, angalieni mawe yenye jina la mjane au mgane aliye hai, lililoandikwa mapema kando ya nafasi iliyoachwa wazi. Hilo lifunikeni kwenye picha mpaka mwenyewe aulizwe.