Vichekesho vya redio na televisheni vina saa yake katika siku ya mwanafunzi

Mwanafunzi mwenye bidii huonywa mara kwa mara kwamba redio na televisheni humwibia wakati, na kwa baadhi ya vipindi sina ubishi na onyo hilo. Vichekesho, hata hivyo, vimenifaa tangu sekondari hadi chuo kikuu, na nimefikia kuamini kwamba faida yake hutegemea zaidi saa ambayo mtu anavisikiliza au kuvitazama kuliko ubora wa kipindi chenyewe. Kipindi kinachonichangamsha baada ya kumaliza mazoezi ya hesabu hunifanya mzito nikikitazama kabla ya kuyaanza, kwa kuwa akili ikishaonja raha hairudi kwa hiari kwenye milinganyo.

Redio ndiyo ninayoipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu haidai macho wala mikono. Siku ya mwanafunzi imejaa kazi ndogo ndogo ambazo hazihitaji fikra nyingi lakini haziepukiki: kufua, kupiga pasi, kupanga madaftari, kutembea kutoka jengo moja hadi jingine. Hizo ndizo dakika za kusikiliza vichekesho, na wala hazikatwi kutoka kwenye muda wa kusoma. Isitoshe, mchekeshaji wa redio humshirikisha msikilizaji katika kazi, maana ni lazima msikilizaji ajichoree mwenyewe mlango unaobamizwa, mtu anayejikwaa, na uso wa yule aliyenyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kipindi cha The Goon Show, ambacho BBC ilikirusha hewani kuanzia mwaka 1951 hadi 1960, kilisifika kwa milio ya ajabu na mambo yasiyowezekana ambayo kamera za wakati ule zisingeweza kuyaonyesha, na huo ndio uliokuwa mvuto wake. Mwanafunzi aliyeshinda akitazama maandishi hupumzika kweli anapoyaacha macho yake na kutumia sikio peke yake.

Nakushauri, hata hivyo, usiwashe redio ya vichekesho huku umefungua kitabu. Wapo wanaoweza kusoma huku muziki usio na maneno ukipigwa kwa sauti ya chini, lakini maneno yanayosikika hushindana na maneno yanayosomwa, na mzaha, ambao hauchekeshi mpaka usikie tangu mwanzo wake, hushindana vikali zaidi kuliko mazungumzo ya kawaida. Mwisho wake ni aya iliyosomwa mara nne na kichekesho kilichopitwa.

Televisheni ni jambo jingine, kwa kuwa humtaka mtu akae na kutazama, na ndiyo maana naiweka jioni, baada ya kazi ya siku kukamilika au kufika mahali panapofaa kusimama. Ninachoangalia kwanza ni namna kipindi kinavyokwisha. Tamthilia nyingi za mfululizo hukatwa pale ambapo mtu ananyooshewa bastola au barua inafunguliwa, ili mtazamaji asiweze kuondoka, ilhali vichekesho vingi vya aina ya kale huanzisha tatizo na kulimaliza katika sehemu hiyohiyo, na kila mhusika hurudi pale alipokuwa. Fawlty Towers, kwa mfano, ina sehemu 12 tu, zilizoonyeshwa mwaka 1975 na 1979, na mtu anaweza kutazama yoyote kati yake bila kuijua iliyotangulia. Kipindi cha nusu saa katika televisheni ya kibiashara ya Marekani, ukiondoa matangazo, hubaki na takribani dakika 22, muda ambao hata wiki ya kazi nyingi inaweza kuumudu. Hatari ipo katika huduma za intaneti zinazoanzisha sehemu inayofuata zenyewe kabla hujanyanyuka kitini. Netflix, kama nyingine kadhaa, ina mpangilio wa kuzima jambo hilo, nami nakushauri ulizime leo, kwa kuwa saa tano usiku hakuna mwanafunzi mwenye nia imara.

Kama una wenzako karibu, tazameni pamoja. Mwanasaikolojia Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aligundua kwamba watu hucheka takribani mara 30 zaidi wanapokuwa na wenzao kuliko wanapokuwa peke yao, na utafiti ulioongozwa na Robin Dunbar, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watu waliocheka kwa dhati waliweza kuvumilia maumivu zaidi ya walivyoweza kabla ya kucheka. Watengenezaji wa televisheni walilijua jambo hilo mapema. Tangu miaka ya 1950 mhandisi Charles Douglass alikuwa na mashine ya kuongezea vicheko vilivyorekodiwa, ili mtazamaji aliye peke yake ajihisi yumo katika kundi. (Mimi kicheko cha mashine hunikera, hasa kinapofuata mzaha usiochekesha.) Katika bweni, kipindi kimoja kwa wiki kinachotazamwa na chumba kizima huleta pia faida ambayo haikupangwa: wanafunzi wanaoona haya kuulizana maswali ya somo huanza kwa kurudia maneno ya mhusika fulani, na baada ya hapo kuulizana huwa rahisi.

Katika majuma ya mitihani sifuti vichekesho kwenye ratiba, ila hubadilisha aina. Huchagua sehemu nilizokwisha kuzitazama au kuzisikia, kwa kuwa hazinidai kufuatilia hadithi mpya, na hujiepusha na vile vinavyojengwa juu ya kumdhalilisha mtu, maana mwenye wasiwasi hujiona upesi katika nafasi ya anayechekwa.

Kuna hali moja ambayo ushauri huu haufai. Mwanafunzi ambaye kwa zaidi ya wiki mbili hachekeshwi tena na chochote kilichokuwa kikimchekesha, hapati usingizi mzuri na hana hamu ya masomo wala ya marafiki, asijilazimishe kutafuta kipindi cha kuchekesha zaidi. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, nayo hutibika, kwa hiyo amwone mshauri nasaha wa shule au chuo, au daktari, na kama kwenda peke yake ni kugumu, amwombe mmoja wa wale anaotazama nao televisheni amsindikize.