Ateri isiyolegezwa hukudanganya kwenye hadubini

Wengi hulinganisha unene wa ukuta wa ateri za panya wa SHR, ukoo wenye presha ya juu uliozalishwa Kyoto, na za wenzao wa kawaida wa WKY, wakatumbukiza ateri moja kwa moja kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhi tishu. Ateri hujikaza kabla kemikali haijaigandisha, na makundi mawili hayalazimiki kujikaza sawasawa.

Angalia hesabu. Ateri iliyolegea ina nusu kipenyo cha ndani cha mikromita 100 na tabaka la misuli la 20. Ikijikaza hadi nusu kipenyo kiwe 60, unene hupanda kufikia 29 hivi. Uwiano wa unene kwa kipenyo cha ndani umeruka kutoka asilimia 10 hadi zaidi ya 24, na hakuna seli hata moja iliyokua! Eneo la mkato limebaki lilelile, kwa hiyo liamini hilo kuliko unene. Ila mshipa ukiachwa ufupike kwa urefu, hata eneo hilo huongezeka. Pima urefu wake mwilini kabla ya kukata, kisha uurudishe.

Zilegeze ateri zote: dakika 30 kwenye maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, yenye EGTA (kemikali inayonasa kalsiamu) milimola 2 na papaverini (dawa ya kulegeza misuli ya mishipa) milimola 0.1 kwa lita. Funga mshipa kwenye mirija ya kioo, weka shinikizo moja kwa makundi yote (70 mmHg hutosha ateri ndogo za utumbo), na lisishuke wakati kemikali ya kuhifadhi inapita. Utando wa elastiki wa ndani ukionekana wenye mawimbi, sampuli haikulegea, itupe.

Kati ya vitu vya kugandishia tishu kabla ya kuikata vipande, nta ya parafini huisinyaza kuliko resini. Usiazime kipimo cha msinyao cha mwingine. Pima mshipa uleule kabla na baada.

Kuhesabu viini vya seli kwenye kipande kimoja hupendelea viini virefu. Tumia vipande viwili sambamba, hesabu kiini kilichomo kwenye kimoja na kukosekana kwenye kingine.

Kwa hadubini ya konfoko, inayopiga picha za mng'ao tabaka kwa tabaka, hifadhi kwa paraformaldehaidi asilimia 4, maana glutaraldehaidi hung'aa yenyewe. Na lenzi ya mafuta juu ya sampuli iliyo majini huuonyesha ukuta mnene kuliko ulivyo. Weka lenzi ya maji.