Peleka ritani, hata kama mfuko ni mtupu

Dayton, 6 Aprili 2025

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote, na mguu wa bibi yako umepona. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kodi ya IRS, idara ya kodi ya Marekani, ya mwaka 2024 imekutokea dola 6,000, huna hata robo yake, na unauliza kama ungoje kupeleka ritani, ile fomu ya hesabu ya kodi yako, mpaka pesa zipatikane.

Usingoje, mwanangu. Ipeleke kabla tarehe 15 haijapita, hata usipolipa senti siku hiyo. Kuchelewa kupeleka na kuchelewa kulipa ni makosa mawili tofauti. La kwanza linatozwa asilimia 5 ya deni kila mwezi, hadi 25. La pili nusu asilimia tu. Kwa deni lako ni dola 300 kwa mwezi au 30. Riba inakuwepo vyovyote vile.

Mimi na baba yako hatukulijua hilo mwaka 2009. Tulidaiwa 2,400, tukaona aibu kupeleka karatasi bila pesa, tukakaa kimya miezi mitano. Faini peke yake ikafika 600. Bahasha nilikuwa nazificha chini ya kanga kabatini, nisizione. Sitaki uishi hivyo.

Lakini hiyo 6,000 yenyewe usiikubali haraka. Umeendesha teksi mwaka mzima. Maili zako umeziandika wapi? Kwa mwaka 2024 kila maili ya kazi inapunguza senti 67 kwenye mapato kabla hayajatozwa kodi. Maili 18,000 ni dola 12,060! Inashuka kodi ya mapato, na ile kodi ya asilimia 15.3 ya waliojiajiri inashuka pia. Hesabu na maili za kumfuata abiria, siyo za kumbeba tu. Risiti za kubadilisha oili zina namba za mita ya gari, zitatusaidia. Ukichagua njia ya maili, mafuta na matengenezo huwezi kuyadai tena. Ada za barabara bado unaweza kuzidai. Na usiongeze hata maili moja ya uongo.

Kitakachobaki, omba kulipa kidogo kidogo kwenye tovuti ya IRS yenyewe. Ukiwa umepeleka ritani kwa wakati, ile nusu asilimia inakuwa robo. Na kwa kuwa miaka mitatu iliyopita ulikuwa safi, faini ikija omba wakufutie. Wanakubali kwa kosa la kwanza. Hao wanaotangaza redioni kwamba watakufutia deni lote, usiwape pesa. Kliniki za walipakodi wenye kipato kidogo, yaani ofisi za msaada wa kodi, zitakusaidia bure au kwa ada ndogo.

Halafu tarehe 15 hiyohiyo ndiyo awamu ya kwanza ya kodi ya 2025. Hukatwi kwenye mshahara kama mimi, kwa hiyo kila wiki weka pesa kando.

Nakuja Columbus Jumamosi. Usitupe karatasi yoyote, hata ya maegesho.

Mama yako