Kazini wanataka kunikata hela ya kupaki gari, je ni halali?

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Nottingham, Uingereza, kiwanda cha chakula, shifti ya usiku mara tatu kwa wiki, saa 12 kila shifti, na zote zinalipwa. Wamebandika barua karibu na mashine ya kahawa kwamba kuanzia Aprili 2023 kila mwenye gari atakatwa paundi 52.20 kwa mwezi "kwa sababu ya tozo ya halmashauri", na kuna fomu ya kusaini. Mimi nalipwa kima cha chini. Usiku maegesho yako matupu, na tramu muda wa shifti kuisha kuzipata ni bahati. Je ni halali, na hiyo 52.20 wameitoa wapi?

JIBU: Salama dada, na pole na shifti za usiku. Nianze na hiyo 52.20 maana ukiifungua utaona kila walichofanya. Tozo ya jiji kwa mwaka 2023/24 ilikuwa paundi 522 kwa nafasi moja ya kupaki, gawanya kwa miezi 12 unapata 43.50, weka VAT ya asilimia 20 juu yake inakuja 52.20 kamili. Kwa hiyo hawajaitoa hewani, na hata VAT haijaongezwa kwa ujanja, kwa sababu tozo yenyewe haina VAT lakini kampuni iliyosajiliwa kwa VAT ikimtoza mfanyakazi hela ya kupaki hapo inahesabika imemuuzia huduma, na serikali inataka chake. Kosa liko kwingine.

Cha kwanza ujue kwamba halmashauri haikudai wewe, inamdai mwajiri. Sheria ya uchukuzi ya mwaka 2000 ndiyo iliyoruhusu miji ya huko kutoza maegesho ya kazini, na Nottingham ndiyo iliyothubutu: leseni zilianza Oktoba 2011, hela ikaanza kukusanywa Aprili 2012 kwa paundi 288 kwa nafasi, na tangu hapo imekuwa ikipanda. Mwajiri mwenye nafasi 10 au pungufu anachukua leseni lakini halipi, akifika 11 analipia zote, sio ile ya kumi na moja tu. Magari ya wateja na ya kushusha mizigo hayahesabiwi, na nafasi za walemavu wenye beji ya bluu hazitozwi. Sasa mwajiri akishalipa, sheria haimlazimishi akukate na haimkatazi, wapo wanaobeba wenyewe na wapo wanaowasukumia wafanyakazi, kwa hiyo wakikuambia "ni agizo la halmashauri" wakumbushe kwa upole kwamba agizo la halmashauri liliishia mezani kwa bosi.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa naomba unisome taratibu. Leseni haihesabu watu, inahesabu magari mengi kuliko yote yanayokuwepo kwa mpigo mmoja. Tuseme kiwanda chenu mchana kuna magari 60 na usiku 30, leseni ni ya 60, basi. Nyie wa usiku hamwongezei bosi hata senti moja kwa sababu mnakalia nafasi ambazo tayari zimelipiwa mchana. Nafasi 60 mara 522 ni paundi 31,320 kwa mwaka. Lakini wakiwakata wote 90 kila mmoja 522, wanakusanya 46,980 bila hata kugusa VAT. Hiyo 15,660 ya juu inaenda wapi? Hilo ndilo swali la kuuliza, kwa maandishi. Wangegawanya bili halisi kwa watu 90 ingekuwa 348 kwa mwaka, yaani 29 kwa mwezi, na VAT 34.80.

Kitu pekee kinachoweza kuwafanya nyie mhesabike ni zamu kupishana. Niliwahi kusimama kwenye geti la kiwanda kimoja kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi kali, kalamu na karatasi, nahesabu magari kila dakika tano. Wa mchana walikuwa wanaanza kuingia dakika ishirini kabla ya saa kumi na mbili wakati wa usiku hawajatoka, kwa hiyo kwa nusu saa ile maegesho yalijaa hadi kwenye majani, alafu siku nzima yakabaki na nafasi tele. Leseni yao yote ilikuwa inabebwa na ile nusu saa! Wakasogeza muda wa zamu kidogo, kilele kikashuka na bili ikashuka. Hebu na nyie muombe hiyo hesabu ya getini, haihitaji mtaalamu.

Tuje kwenye mshahara maana kwako ndiyo pazito zaidi. Sheria ya haki za ajira ya 1996 kifungu cha 13 inasema makato lazima yawe kwenye mkataba au umekubali kwa maandishi kabla, ndio maana kuna fomu. Lakini hata ukisaini, makato ya kupaki ambayo yanabaki kwa mwajiri yanapunguza mshahara wako kwenye hesabu ya kima cha chini. Saa 36 kwa wiki ni kama saa 156 kwa mwezi, mara 10.42 (kima cha chini cha mtu mzima kwa saa kuanzia Aprili 2023) ni 1,625.52, toa 52.20 zinabaki 1,573.32, gawanya kwa 156 unapata 10.09 kwa saa. Hiyo iko chini ya kima cha chini na mwajiri hawezi kujitetea kwamba ulikubali. Angalizo: wewe mwenyewe ukiamua kulipia kwa kadi yako getini inahesabiwa tofauti, kwa hiyo wakibadilisha utaratibu usome upya.

Mimi tozo yenyewe naiunga mkono, nisikufiche. Hela yake ndiyo iliyosaidia kujenga njia za tramu za kwenda Clifton na Chilwell zilizofunguliwa 2015, na maegesho ya bure ni hela ya kampuni anayopewa mwenye gari tu huku anayekuja kwa basi hapati kitu. Kule California walikuwa na sheria tangu 1992, waajiri fulani wanaokodi maegesho lazima wampe mfanyakazi hiari ya kuchukua pesa taslimu badala ya nafasi, na profesa Donald Shoup, mtafiti wa mambo ya maegesho, alipochunguza sehemu 8 za kazi aliona wanaoendesha peke yao walipungua kwa asilimia 17. Kinachoniuma ni pale tozo nzuri inapogawanywa vibaya. Wewe ukija usiku kama 140 kwa mwaka, kwa 52.20 kila mwezi unalipa paundi 4.47 kila ukipaki, mwenzako wa ofisini anayekuja siku 225 analipa 2.78. Na ukishakatwa mwezi mzima huna sababu ya kuacha gari nyumbani hata siku moja, maana hela imeshaenda.

Kwa hiyo omba watoze kwa siku uliyopaki na kwa bili halisi ya leseni, na wenye kima cha chini wasikatwe kabisa. Andikeni barua moja mkiwa wengi, kama mna chama cha wafanyakazi ipitie huko, ulizeni mambo matatu tu: leseni ni ya nafasi ngapi, watu wangapi wanakatwa, na nani kati yao anashuka chini ya kima cha chini. Fomu usiisaini mpaka wamejibu, na kama wameshakukata mwezi wa kwanza tunza slipu ya mshahara, piga na picha kabisa.