ULIZA SAFARI: Juni nenda kwa wanyama, maua subiri Desemba

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni mama wa watoto watatu, tupo Uyole hapa Mbeya, mkubwa yuko darasa la sita na kitindamimba ana miaka minne. Shule zikifunga Juni niliwaahidi kuwapeleka kuona wanyama, sasa huyu mkubwa hataki kusikia kitu kingine zaidi ya hifadhi ya Ruaha akaone simba wa porini, mdogo yeye hata bustani ya wanyama ya Ifisi hapo Mbalizi kwake ni sikukuu. Baba yao anasema tusubiri Desemba barabara ziwe zimekaa sawa, maana hapa Uyole mpaka Mbalizi ni vumbi, foleni na michepuko, na kule Iringa kwenda Ruaha nako tunasikia wanajenga. Mimi naogopa kukosea tena kwa sababu mwaka jana tulipanda hifadhi ya Kitulo mwezi wa saba kuona maua, tukakuta nyasi kavu na baridi la kutetemesha meno, watoto wakalia, hela ikaenda. Twende lini, na tuanzie wapi?
Mama Watatu, Uyole

JIBU: Marahaba mama, ugonile. Pole na Kitulo, ila nikwambie ukweli hamkuwa na bahati mbaya, mlikosea mwezi tu. Huku kwetu Nyanda za Juu mvua ni moja kwa mwaka, inaanza Novemba hivi inakwenda mpaka Aprili au Mei, na maua ya Kitulo yanafuata hiyo mvua. Ukipanda Julai unakuta uwanda umelala, usiku barafu inashika kwenye majani, maana kule juu unagusa mita 2,600 na zaidi. Wanyama wa Ruaha wao ni kinyume chake. Mvua ikiwepo maji yako kila mahali na majani yamekuwa marefu, tembo anaweza kusimama hatua 20 kutoka kwenye gari na usimuone. Kwa hiyo likizo ya Juni ni ya wanyama na likizo ya Desemba ni ya maua, hapo ndipo mpango wako wote unapoanzia.

Sasa twende kwa baba watoto, na umsomee hapa kwa sauti. Hoja yake ya barabara naielewa lakini Desemba haimsaidii. Ujenzi wa njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, umepita katikati ya mji kabisa, na mchepuko wa udongo ambao Juni unakupa vumbi ndio huohuo Desemba unakupa tope, daladala inateleza, lori limekwama mbele, mko hapo saa nzima na mtoto anataka kujisaidia. Vumbi unafunga kioo, tope unalifungia nini? Halafu kusubiri barabara iishe ndugu yangu, huyo wa darasa la sita atakuja kumaliza kidato cha nne bado mnasubiri.

Anza na Ifisi, tena anza nayo hata kama mtakwenda Ruaha, kwa sababu mtoto wa miaka minne anahitaji mnyama aliye karibu na asiyekimbia. Ila kuna ujanja wa Juni ambao watu wengi hawaujui. Wanakimbilia kufika alfajiri wakidhani ndipo wanyama wanachangamka, hiyo ni kweli sehemu za joto, Mbeya mwezi wa sita asubuhi ni ukungu na baridi, mnyama naye kajikunyata ndani kama wewe unavyojifunika blanketi. Nyoka, kobe, mamba, hawa wasio na joto lao wenyewe mwilini, mpaka jua liwapashe ndipo wanajongea. Jua likishashika, kwenye saa nne hivi, ndipo simba anapotoka kuota, kobe ananyoosha shingo, na watoto wenyewe wameshavua masweta. Desemba inageuka, mchana joto linawalaza wote, hapo ndipo uende mapema.

Tatizo foleni haikusubiri mpaka saa nne. Kwa hiyo ondokeni Uyole mapema kabla vijiko na magreda hayajaanza kazi na kabla vijana wa bendera hawajaanza kusimamisha upande mmoja, mtashuka ule mteremko wa Iwambi taratibu malori yakiwa bado machache, mfike Mbalizi, mkae mahali mnywe chai na chapati za moto bila haraka, saa nne mnaingia bustanini. Kurudi anzeni kabla ya saa tisa, jioni pale mjini, Mafiati na Mwanjelwa, foleni huwa haina msamaha. Na piga simu kabla hujatoka, bustani nazo hukarabati mabanda na mnyama anahamishwa kwa muda, nimeshuhudia mtoto akilia mbele ya banda tupu kisa alishaahidiwa chui nyumbani. Usimuahidi mtoto mnyama kwa jina, sema tu tunakwenda kuona wanyama.

Ruaha sasa. Toka Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na toka Iringa mjini mpaka geti ni kilomita mia na ushee nyingine, hiyo barabara ya Iringa kwenda Msembe, ndani ya hifadhi, ndiyo inayowekwa lami, kwa hiyo msipange kwenda na kurudi siku moja, mtawachosha watoto bure. Laleni Iringa siku ya kwanza, kesho yake mchana mteremke mpaka Tungamalenga, kijiji kiko nje kidogo ya hifadhi na kuna sehemu za kulala za bei ya kawaida kuliko za ndani. Mkilala pale, geti likifunguliwa saa 12 asubuhi nyinyi ni wa kwanza. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kwa benki au simu, keshi usibebe ya getini, na kitambulisho chako cha NIDA usikisahau mama, bila hicho utajuaje kujieleza kwamba ulipe bei ya Mtanzania.

Juni majani bado yapo yapo, sikudanganyi, wenye uhuru wa kuchagua huenda Agosti mpaka Oktoba. Mto Ruaha Mkuu tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, maji mengi yameshachotwa juu huko Usangu kabla hayajafika hifadhini, na ukishakatika wanyama wanajazana kwenye madimbwi yaliyobaki, tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke. Inasikitisha na ni maajabu kuiona. Lakini Oktoba mwanao yuko darasani, na Juni inatosha, twiga, pundamilia, viboko na tembo mtawaona, simba ni majaliwa.

Kitulo mrudie Desemba mwishoni. Tope litakuwepo, ukipitia Chimala kile kipando cha kona 57 kwenda Matamba kinataka gari la juu na dereva asiye na mashauzi, lakini mtaona kwa nini wazee wanaiita Bustani ya Mungu. Waambie watoto wasing'oe, yale maua ya okidi viazi vyake vilichimbwa sana na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula kinaitwa chikanda, ndiyo moja ya sababu pakafanywa hifadhi mwaka 2005.

SWALI: Kamwene anko, nina gari dogo, Toyota IST, Juni hii nataka nijitupe Ruaha na jamaa zangu watatu, itafika? Na kwa nini mtu kaniambia nisivae nguo nyeusi, ni mambo ya imani?
Kijana wa Kihesa

JIBU: Kamwene. Getini itafika kiangazi, ukienda mdogomdogo na tairi la akiba lililojaa upepo. Ndani ndiyo usijaribu, kuna mito ya mchanga unaipita na IST yako tumbo liko chini, ukikwama hushuki kusukuma ovyo, hujui nani kalala kwenye kichaka. Iache Tungamalenga, nyie wanne mchangiane gari la juu la kukodi kwa siku, na mwenye gari anajua wanyama walikunywa wapi jana, jambo ambalo IST haikwambii. Nguo nyeusi na za bluu siyo imani, ni ndorobo. Wale mainzi wanapenda hizo rangi, ndiyo maana ukipita utaona vitambaa vyeusi na bluu vimetundikwa kwenye miti, ni mitego yao. Vaa kaki, na jinzi yako mpya iache Kihesa.