Kabla hujamhamisha mtoto anayeogopa hisabati

Mleta mada, umesema binti yako wa darasa la tano analia kila siku yenye kipindi cha hisabati, na unauliza kama umpeleke shule yenye wanafunzi wachache. Nimefundisha somo hilo huku Mbagala miaka 14, nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Idadi ina uzito wake, sikatai. Mwongozo unataka wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mimi, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, nimeshaingia darasa la watoto 130, wanne wanne kwenye dawati. Lakini mabadiliko sikuyaona nilipopunguziwa watoto. Niliyaona siku nilipoacha kufuta makosa ubaoni.

Zamani mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5 nilifuta upesi na kuita mwingine, huku wenzake wakimcheka. Walichojifunza ni kwamba kama huna uhakika, kaa kimya. Siku hiyo nikaliacha jibu pale pale, nikauliza: "Mwenzetu aliwazaje mpaka akafika hapa?" Kimya. Nikajizuia nisiseme, na kujizuia huko ni kazi ngumu kwa mwalimu anayekimbizana na mada. Mwishowe mtoto wa mama lishe, wa dawati la nyuma kabisa, akanyoosha mkono kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Mwalimu, 2/5 haifiki nusu. Una nusu chapati, unaongezewa kipande, inapunguaje?"

Mtoto huyo kila alfajiri husaidia kuuza chapati. Hesabu alikuwa nazo siku zote, ila darasani kwangu hazikuwa na pa kutokea. Mwaka 1985 watafiti walichapisha jambo kama hilo kutoka Recife, Brazili: watoto watano wachuuzi walipatia asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa wakiwa kwenye biashara, lakini hesabu za namna hiyo zilipotolewa kishule, bila bidhaa wala wateja, wakapatia asilimia 37 tu.

Kwa hiyo jioni ya leo muulize binti yako mwalimu hufanya nini mtu akikosea, umsikilize bila kumkatisha. Akikutajia fimbo au kuchekwa, nenda ukaongee na mwalimu kwanza. Mzazi mmoja alinijia hivyo. Nilikasirika sana, na wiki iliyofuata ndipo nikaacha kufuta ubao.