Wamesema ini, kumbe misuli

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, anauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Miezi mitatu sasa hawezi kujitwika beseni, na akikaa kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono ndipo ainuke. Kope zimevimba na kupiga zambarau, na vifundo vya vidole vina vipele vigumu. Walipopima damu, AST na ALT (vipimo vya ini) zilikuwa juu, tukaambiwa ini, na mama hajawahi kuonja pombe. Juzi daktari mwingine kasema ni dematomayositisi. Ini linahusikaje?

JIBU: Marahaba. Huenda ini linasingiziwa. AST na ALT ni vimeng'enya vilivyomo kwenye ini, ila vimo kwenye misuli pia. Msuli ukiumia, huvujia kwenye damu. Ombeni apimwe CK, kimeng'enya ambacho hasa ni cha misuli, pamoja na GGT, ambayo hupanda ini likiumia lakini msuli hautoi. CK ikiwa juu na GGT ikiwa ya kawaida, liacheni ini lipumzike. Ila CK ya kawaida haifuti ugonjwa kwa wenye dalili kama za mama.

Katika dematomayositisi kinga ya mwili hushambulia misuli na ngozi ya mwenyewe. Hulegea zaidi misuli ya nyonga, mapaja na mabega. Ndiyo maana mama bado anachambua dagaa vizuri, ila beseni linamshinda. Vipele vya vifundoni na rangi ile ya kope ni alama zake kubwa. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha wekundu. Kwetu huwa weusi au zambarau, basi mtu anapakwa dawa ya fangasi miezi na miezi. Ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna jirani aliyemroga.

Tiba huanza na prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, ambayo haikatishwi ghafla hata akijisikia nafuu. Mara nyingi huongezwa methotrexate, nayo ya kutuliza kinga: hiyo ni mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeua watu, kwa hiyo andikeni siku yake kwenye pakiti. Jua huchochea vipele, kwa hiyo kazi ya kuanika dagaa apewe mwingine, na mama avae mikono mirefu na kofia pana.

Kwa umri wake, ugonjwa huu wakati mwingine hufuatana na saratani. Muulizeni daktari kuhusu uchunguzi wa matiti, shingo ya kizazi na ovari, hata kama hana dalili. Na akianza kupaliwa na maji au kuhema akitembea kidogo tu, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.